Jinsi tulivyoikausha barabara ya viraka

Nilipokabidhiwa barabara ile, wenyeji walikuwa wameshaibatiza jina la Kwa Viraka, na makondakta wa Noah walilitaja kama kituo. Ni kipande cha kilomita 3.4 upande wa mbuga za Mkata, mkoani Morogoro, kinachotoa mpunga vijijini kuufikisha barabara kuu. Kila masika yakiisha kikosi cha matengenezo kilikuja na lami na kokoto, kikaziba mashimo, kikaondoka. Masika mengine yakija, mashimo yalirudi palepale, safari hii yakianzia kwenye kingo za viraka.

Mezani nilikuta pendekezo lililokwisha kuandikwa: itandazwe lami nzito ya milimita 50 juu ya kipande chote. Lilikuwa na ripoti ya vipimo, na vipimo vyenyewe vilikuwa vizuri. Nikatazama tarehe. Vilichukuliwa Septemba.

Aliyewahi kukaa Mkata anaijua Septemba ya kule. Udongo mweusi wa mbuga unakauka mpaka unapasuka nyufa za kutumbukiza kiganja. Barabara ile haikuwa ikivunjika Septemba. Ilikuwa ikivunjika Aprili, malori yanapopita juu yake ikiwa imelowa. Kuipima kiangazi ni sawa na kumpima mgonjwa wa homa saa ambayo homa imeshuka.

Nikaomba tungoje masika nirudie vipimo. Haikuwa rahisi kukubaliwa, maana mwaka wa fedha unafungwa Juni 30 na hakuna anayependa kuona fungu la barabara limelala. Niliahidi kwamba usanifu utakuwa tayari kabla ya mwisho wa Mei na mkandarasi ataingia saiti udongo ukianza kukauka. Nashukuru nilikubaliwa.

Aprili tulikwenda na DCP. Kwa asiyeifahamu: ni fimbo ya chuma yenye ncha, na juu yake kuna nyundo ya kilo 8 inayodondoshwa kutoka kimo cha milimita 575. Unapiga, unasoma chuma kimezama milimita ngapi kwa kila pigo, na kwa namba hizo unaijua nguvu ya kila tabaka bila kufumua barabara. Tulipima kila baada ya mita 100, vituo 34, mvua ikitunyeshea karibu kila alasiri.

Kwenye kituo cha mita 1,200, ripoti ya Septemba ilionyesha udongo wa asili chini ya barabara ukizamisha chuma milimita 14 kwa pigo. Mimi nilipata 45. Ukibadili kuwa CBR, yaani nguvu ya udongo kwa asilimia ya kokoto sanifu, mahali palepale palishuka kutoka kama 18 hadi kama 5. Hakuna aliyebadilisha udongo. Kilichoongezeka ni maji. Na si kila kituo kilikuwa hivyo: palipokuwa na mwinuko na mtaro unaopitisha maji, Aprili na Septemba zilikaribiana sana. Nilipoweka namba hizo kwenye ramani, ubovu wote ulijikusanya sehemu tatu, jumla yake kama mita 1,100.

Tukachimba mashimo ya uchunguzi ukingoni mwa sehemu hizo, kina cha mita moja. Shimo la pili ndilo lililonifunga kauli. Tabaka la besi, yaani msingi wa juu ulio chini ya lami, lilikuwa moramu safi yenye kokoto ngumu, waliolijenga walifanya kazi ya uaminifu. Chini yake maji yalikuwa yanachuruzika kutoka ubavuni. Tulipomaliza kula mchana na kurudi, shimo lilikuwa limejaa mpaka usawa wa tabaka la chini la msingi. Lami ya milimita 50 ingelala juu ya bwawa.

Mhandisi wa Uskoti, John McAdam, alisisitiza zaidi ya miaka 200 iliyopita kwamba anayebeba gari hasa ni udongo wa asili, na kwamba ukitunzwa ukavu utabeba. Tulifundishwa hilo chuoni na tukalijibu kwenye mtihani. Mimi nililielewa siku ile, nimesimama na koleo shimoni.

Maji yalitoka wapi? Kwanza mabega ya barabara. Miaka ya kuparua na greda bila kuondoa udongo, pamoja na nyasi kuota, ilikuwa imeyainua juu kuliko lami yenyewe, hivyo mvua inayonyesha juu ya barabara ilikaa ukingoni na kuzama kwenye msingi. Pili, mitaro ilikuwa imejaa tope hadi ng'ombe wanapita bila kuteremka. Hayo mawili niliyatarajia. La tatu sikulitarajia: makalavati mawili pekee ya eneo la chini yalikuwa yamezibwa kwa viroba vya mchanga, vimepangwa vizuri kwa mkono wa mtu.

Mwenyekiti wa kitongoji alinipeleka kwa mwenye majaruba ya jirani, mzee aliyekuwa anapandikiza mpunga na wajukuu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa barabara?"

Nikasema ndiye, na kwamba nimeviona viroba. Hakukataa wala hakukasirika. Alinawa mikono, akanipeleka juu ya tuta.

"Kabla hawajaiinua barabara," akasema, "maji yalikuwa yanakuja yametandaa uwanda mzima, taratibu, yanatunywesha sote. Mkaweka tuta. Sasa yote yanapita matundu mawili. Nikiyaacha wazi, siku moja tu yananing'olea miche yote. Nikiziba, yanakaa, na mimi nakula. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Sikuwa na jibu la pale pale. Nilirudi nyumbani nikachora upya. Alichoniambia hakikuwa kwenye ripoti yoyote, na kilikuwa sahihi kihandisi kabisa: tuta la barabara kwenye uwanda tambarare hukusanya maji yaliyokuwa yametawanyika, na ukiyapitisha sehemu chache yanatoka na kasi ya kubomoa. Kuondoa viroba na kumtishia faini kungetupa wiki mbili za ukavu.

Kwa hiyo usanifu ulibadilika sura. Badala ya makalavati mawili ya milimita 600 tuliweka manne ya milimita 900, yametawanywa kwenye eneo lote la chini. Ukubwa huo niliung'ang'ania kwa sababu ya usafi zaidi kuliko wingi wa maji. Kalavati la 600 likijaa tope ni shida kubwa kulifikia katikati, la 900 kijana anaingia na jembe. Kwenye kila tokeo tulipanga mawe ya kuvunja kasi, kisha mfereji unaokwenda kwenye majaruba, na mbele yake lango la mbao la kupandisha na kushusha. Wakulima walikubaliana wenyewe kwa zamu nani atashika lango lipi. Mimi nilikuwa na sharti moja. Kutoka kilele cha barabara hadi chini ya mtaro iwepo milimita 750 angalau, na maji yasisimame ndani ya kimo hicho. Nikapaka mstari mwekundu kwenye ukuta wa kila kalavati. Maji yakigusa mstari, lango linafunguliwa, hata kama mpunga bado una kiu.

Mahali ambapo kimo hicho hakikupatikana, mita 600 hivi, tuliinua barabara yenyewe kwa kifusi cha machimbo ya jirani.

Fedha za haya yote zilitoka wapi? Kwenye ile lami nzito. Tuliiacha. Mita 2,300 zilizokuwa nzima hazikuhitaji tabaka jipya, zilihitaji mabega kushushwa, mitaro kufukuliwa na lami nyepesi ya kuziba uso. Tulizivika lami hata mabega, mita moja kila upande, ili ukingo unaolowa usogee mbali na njia ya magurudumu. Kwangu mimi hiyo mita moja ya bega ndiyo lami yenye faida kubwa kuliko zote barabarani, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Niliipigania kwenye vikao vitatu.

Upande wa mzigo nilijifunza kutosadiki hesabu ya magari ya wiki moja. Tulihesabu siku 7, mbili kati ya hizo mchana na usiku, lakini ilikuwa Mei. Wenye mashine za kukoboa ndio walioniambia malori huanza Julai baada ya mavuno, na huondoka yamesheheni. Ekseli inayoruhusiwa kisheria kwa tairi pacha ni tani 10. Ikibebeshwa 13, madhara hayaongezeki kwa theluthi, yanakaribia mara tatu, kwa kuwa uharibifu hukua kwa kipeo cha nne cha uzito. Tukasanifu kwa malori ya Julai.

Zile mita 1,100 mbovu tuliamua kuzifumua na kutumia tena moramu yake ileile, tukiiongezea saruji asilimia 3. Kusomba kokoto mpya kutoka Lugoba kungetumaliza nauli. Maabara ilijaribu viwango kadhaa, na hicho kilitosha.

Hesabu yake ni nyepesi na nilimfundisha foremani aiweke kichwani. Tabaka la milimita 150 lina uzito wa kama kilo 300 kwa kila mita ya mraba, asilimia 3 yake ni kilo 9, hivyo mfuko wa kilo 50 unatosha mita za mraba 5.5. Kwenye upande mmoja wa njia, upana mita 3, mfuko mmoja kila mita 1.85. Tulichora vyumba kwa chokaa, mfuko mmoja kila chumba, kisha vijana wakapasua na kusambaza kwa reki kabla greda haijachanganya. Mtu yeyote akipita anaona kama kuna chumba kimerukwa.

Siku ya kwanza tuliikosa. Nilijipangia saa mbili kutoka saruji inapogusa maji hadi rola inapomaliza kushindilia. Bowza la maji liliharibika katikati ya kazi, tukangoja, na nilipoona limefika nikaruhusu waendelee badala ya kusimamisha. Kosa lilikuwa langu. Kipimo cha ushindiliaji, kile cha kuchimba tundu na kulijaza mchanga, kilitoa asilimia 93 wakati tulitaka 98. Saruji ilikuwa imeanza kushika kabla ya rola, na tabaka la namna hiyo kwa macho linaonekana gumu, kumbe ndani lina matundu. Tukazifumua mita 80 zote, tukaweka saruji nyingine. Kuanzia hapo hakuna mfuko uliopasuliwa kabla mabowza mawili hayajasimama saiti yamejaa. Siku 7 zilizofuata kila tabaka lilinyweshwa maji asubuhi, mchana na jioni lisikauke haraka, na malori yalichepushwa hata madereva walipolalamika.

Lami nyepesi ilikwenda vizuri: kokoto za milimita 14 chini, za milimita 7 juu. Tulitega sinia barabarani mbele ya gari la lami, tukalipima kabla na baada, ili kujua lita ngapi zimemwagika kwa mita ya mraba. Kokoto zenye vumbi nilizirudisha zikaoshwe, kwa sababu lami hushika vumbi na kuiacha kokoto.

Masika yaliyofuata nilirudi na DCP ileile. Kituo cha mita 1,200, tukipima kwenye ukingo wa bega, udongo wa asili ulisoma milimita 17 kwa pigo. Nilirudia mara tatu kwenye matundu tofauti kabla ya kuandika. Shimo la uchunguzi tulilochimba karibu yake lilikaa kavu hadi tukalifukia jioni.

Kuna sehemu moja haijanipa raha. Karibu na mita 2,700 umejitokeza ufa mrefu unaofuata ukingo, urefu wa kama mita 40, pembeni ya miti iliyopandwa zamani kwenye udongo mweusi. Mizizi inanyonya maji kiangazi, udongo unasinyaa, bega linavutwa nje. Tumeujaza lami usinyweshe msingi, lakini miti ni ya shule na ina kivuli watoto wanachokitumia, kwa hiyo bado tunazungumza na walimu kuhusu kupanda mingine mbali zaidi kabla hii haijaguswa.

Mzee wa majaruba ana namba yangu. Mvua ikiwa kubwa usiku, asubuhi napata ujumbe mfupi. Wa juzi ulisema: "Mwanangu, maji yamegusa mstari saa kumi za usiku. Nimefungua. Mpunga umesimama."