Mnyororo wa njia ya mikokoni

Nakumbuka vizuri ilikuwa masika ya 2018, Jumapili alfajiri, mimi na binamu yangu na fundi wetu wa baiskeli tumetoka Kisauni gizagiza ili jua litukute tushafika chini, manake kuendesha baiskeli ya mlima hapa Mombasa, ukichelewa hadi saa tatu joto lakumaliza. Njia yenyewe ni kijia tu, wala haina jina kwenye ramani, yaanzia nyuma ya nyumba upande wa Mishomoroni, inapita mibuyu miwili mikubwa, halafu inateremka kwenye mawe ya matumbawe yenye makali hadi kwenye mikoko ya Tudor Creek, ule mkono wa bahari, pale mashua za wavuvi zinapofikia. Kwa watu wa milima pengine si kitu, lakini kwetu sisi hapo ndo palikuwa na mteremko wa kweli, mizizi, mawe, kona kali, na harufu ya matope ya bahari inakupiga uso ukiwa bado juu.

Tulipofika mibuyuni tukakuta mnyororo.

Umefungwa toka kwenye mti hadi kwenye kigingi kipya, saruji yake haijakauka vizuri, na bati limepakwa rangi nyekundu, BAISKELI NA PIKIPIKI MARUFUKU. Hakuna jina la ofisi, hakuna muhuri, hakuna tarehe. Nilishika lile bati rangi ikanibakia kidoleni. Fundi akasema tuupite tu chini yake, kwani nani atatuona saa hizi. Nikakataa, na mpaka leo naona nilifanya sawa, kwa sababu ukipita kichinichini ushakubali kwamba huna haki ya kupita wazi.

Tukauliza uliza, tukaambiwa ni kamati fulani imeamua, na kwamba Jumamosi baada ya swala ya alasiri kuna baraza, mwenye neno aje.

Wiki ile sikulala vizuri. Niseme ukweli, si kwamba Mombasa hakuna pengine pa kuendesha. Kule Bamburi kwenye machimbo ya zamani, yale ambayo mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971 mpaka yakawa msitu, kuna njia nzuri sana za baiskeli, lakini pana geti na kiingilio, na vijana tunaoendesha nao wengine hata tyubu mpya wananunua kwa kuchangishana. Barabara ya Mama Ngina kando ya bahari napo ni pazuri kwa upepo lakini ni lami na watu. Kijia chetu ndo kilikuwa cha bure na cha karibu. Halafu mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, na katiba ya 2010 kifungu cha 62 kinasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma, hata ile nchi ilioko kati ya maji yakijaa na maji yakipwa ni ya umma. Sasa mali ya umma mtu anaifungaje na mnyororo bila hata kuuliza? Hilo ndo lilikuwa linanichoma, kuliko hata kukosa mteremko wangu.

Kwa hivo nikajiandaa. Wale wa kamati walikuwa wanasema baiskeli zimekula njia, zimechimba mtaro. Nikateremka kwa miguu na utepe wa fundi cherehani nikapima. Alama zilizochimba sana zilikuwa pana kama vidole vinne na zina meno makubwa, ni tairi la nyuma la pikipiki, wale wanaobeba mawe na mchanga toka chini. Tairi langu nililaza pembeni yake kwenye tope, halijai hata. Nikapiga picha. Lakini pale kwenye kona niliona na jambo jengine ambalo sikulipenda: ardhi imekwaruzwa laini, mistari mirefu myembamba, na ile ni breki zetu. Tukija kwa kasi tunafunga gurudumu la nyuma, linaburuta, udongo unalegea, mvua ikija inausomba. Ile ilikuwa yetu, hakuna wa kumsingizia.

Jumamosi baada ya alasiri tukaenda. Viti vya plastiki chini ya mwembe, wazee mbele na kofia zao, akina mama upande wa kivuli. Nikasimama nikaanza na salamu, nikaonyesha picha, nikazungumza habari ya pikipiki na katiba. Dada mmoja tunayeendesha naye, amekulia Nairobi, akaeleza habari ya Karura, ule msitu wa Nairobi, vile Wangari Maathai alipigwa pale Januari 1999 akipigania msitu usigawiwe wajenzi, na leo watu wanatembea mle, wanakimbia, na baiskeli zina njia zake, mambo yanakwenda. Binamu yangu naye akaleta habari za Marekani, kwamba hizi baiskeli zenyewe zilianzia California kwenye vilima vya Mount Tamalpais miaka ya 70, na huko huko zikaja kufungiwa njia nyembamba kwa sababu wenda kwa miguu na wapanda farasi walilalamika, ndo waendeshaji wakaunda umoja mwaka 1988 wakawa wanashika majembe wenyewe kutengeneza njia ili waaminiwe. Wazee walisikiliza. Nikaona tushashinda.

Hapo akainuka mama mmoja, mama karanga, wale wanaoshuka alfajiri kununua samaki kwa wavuvi waje wakaange wauze. Kajifunga leso, mkono wa kushoto una kitambaa. Hakuzungumza na baraza, alinigeukia mimi.

"Mwanangu, mimi pikipiki naisikia yaja. Tangu kule juu naisikia, najiweka kando. Hiyo yenu haina sauti. Nastukia i mgongoni."

Akaeleza vile alianguka kwenye kona, ndoo ikamwagika, samaki wa mtaji wa siku nzima kwenye tope, na yule kijana wa baiskeli akasema samahani huku anaenda. Akakaa. Sikumjua yule kijana ni nani, na sikuuliza, kwa sababu angeweza kuwa yeyote kati yetu. Nilikuwa na karatasi yangu mkononi ina hoja nyengine nne. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Nikamwambia, "Mama, pole sana. Twambie wewe wataka tufanyeje."

Wallahi baraza lilibadilika pale pale. Alitaka vitu viwili tu, kengele na tushuke kwenye kona. Mzee mmoja akaongeza kwamba mvua ikinyesha tusipite mpaka njia ikauke, na hilo nikalikubali kabla hajamaliza mana tope ndo linaloua njia. Pikipiki zikakatazwa, mnyororo ukakubaliwa utolewe, na ile kona tuitengeneze sisi. Jioni ile binamu yangu akaenda sokoni Kongowea akarudi na kengele za kila mwenye baiskeli.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kwenye kona na majembe, karai na sururu. Tulidhani ni kujaza udongo tu. Yule mzee akatukataza, akasema udongo mtupu mvua moja tu umekwenda. Akatuonyesha kupanga mawe ya matumbawe mshazari, yameinama kidogo upande wa kichakani, ili maji yatoke nje ya njia badala ya kukimbia nayo chini. Kila jiwe alilikanyaga mwenyewe kwa kisigino, likicheza twalitoa twaanza upya. Saa nne tulikuwa mikono yote imechubuka, mama karanga akatuletea mihogo na kachumbari kwenye sinia, hakusema kitu.

Masika ya mwaka uliofuata, mvua kubwa ya kwanza, nilishuka kwa miguu asubuhi kuangalia kama mawe yameshika. Yalikuwa yameshika, maji yanakata pale pale tulipoyaelekeza yanaingia kichakani. Mama karanga akawa anapanda na ndoo yake ya samaki kichwani.

"Leo baiskeli i wapi?"

"Nimeiacha nyumbani mama, njia bado mbichi."

Akaitikia, akapita kwenye kona pole pole, mguu mmoja mmoja juu ya mawe.