Tai Chini ya Jezi

Jana usiku, nilipokuwa nikipanga upya vitabu vilivyokaa sandukuni kwa miaka mingi, niliikuta ndani ya daftari langu la fizikia tai nyembamba ya bluu yenye baka jeupe kwenye ncha yake. Baka hilo ni chokaa ya mstari wa goli. Nilikaa nayo sakafuni kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili kitambaa cha namna ile, na leo nimeona heri niandike habari zake kabla sijairudisha nilikoitoa.

Shule yetu ya sekondari ilikuwa ya mji mdogo, yenye wanafunzi wasiofika mia mbili, na bado ilitakiwa kuwa na kila kitu kilichomo katika shule kubwa: timu ya soka, timu ya netiboli, kwaya, klabu ya mdahalo, kikundi cha maigizo, gazeti la ukutani, na mtu wa kuamka mapema akagonge kengele. Hesabu hiyo haikukubali hata ukiikokotoa vipi, isipokuwa kwa njia moja tu, nayo ni kumfanya mtu mmoja awe watu watatu. Mimi niliimba sauti ya tatu katika kwaya, niliandika kumbukumbu za mdahalo, nilikuwa kiranja wa darasa, na nilipoingia kidato cha pili nikawa pia mlinda mlango, kwa sababu aliyekuwapo alivunjika mkono wiki moja kabla ya mashindano. Mwalimu wa michezo alipita mbele ya mstari wetu, akanitazama kuanzia miguuni hadi utosini, akasema, "Mwanangu, wewe ni mrefu." Usaili wote ulikuwa huo.

Urefu haukunisaidia sana. Mipira iliingia bila hodi, na kabla ya wiki ya pili kwisha wenzangu walikuwa wamenibatiza jina la Karibu. Jambo likisemwa asubuhi darasani katika mji kama ule, jioni limekwisha kuvuka lango la shule, kwa hiyo hata wazee waliosoma pale zamani waliniita Karibu tulipokutana njiani, tena kwa upole kabisa, kana kwamba ndilo jina nililozaliwa nalo.

Miaka mingi baadaye nilisoma juu ya uchunguzi ambao wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roger Barker na Paul Gump, waliuchapisha mwaka 1964 baada ya kulinganisha shule 13 za sekondari katika jimbo la Kansas, ndogo kabisa ikiwa na wanafunzi 35 na kubwa kabisa ikiwa na 2,287. Shule ile kubwa ilikuwa na wanafunzi mara 65 ya ile ndogo, lakini nafasi za kushughulika, yaani vipindi, klabu, mechi, maigizo na mengineyo, hazikuongezeka kwa kiasi hicho hata kidogo; zilikuwa takriban mara nane tu. Kwa hiyo katika shule kubwa watu walikuwa wengi kuliko kazi, na katika shule ndogo kazi zilikuwa nyingi kuliko watu. Wanafunzi wa shule ndogo walishika nafasi za wajibu mara nyingi zaidi, na walipoulizwa kilichowaridhisha walitaja mambo waliyoyafanya wenyewe, ilhali wenzao wa shule kubwa walielekea zaidi kutaja raha ya kutazama wengine wakifanya na ya kuwa sehemu ya umati. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kwani nilimwona mwalimu wetu akipita mbele ya mstari akitafuta mtu mrefu. Hakuwa akitafuta kipaji. Alikuwa akiziba pengo, na pengo lenyewe nililiziba kwa namna ya kusikitisha, lakini pasipo mimi kusingekuwa na timu.

Sasa niirudie tai. Siku ya mechi ya mwisho ya mashindano ilikutana na siku ya mashindano ya kwaya, jambo ambalo kwa shule nyingine lisingekuwa na uzito wowote, ila kwetu wachezaji watano kati ya kumi na mmoja walikuwa wanakwaya. Waamuzi wa kwaya walichelewa kutoa matokeo, mwalimu wa muziki hakukubali tuondoke kabla hayajasomwa, na yalipokwisha kusomwa (tulikuwa wa tatu kati ya shule nne) tulirukia gari, tukaanza kuvua mashati meupe njiani huku viwiko vikigongana na mmoja wetu akitafuta soksi ya pili mpaka tukafika. Fundo la tai yangu lilikuwa limekaza. Nilivuta upande huu likakaza, nikavuta upande ule likakaza zaidi, na refa alikuwa amekwisha kupuliza filimbi ya kutuita. Nikavaa jezi juu ya tai, nikaenda golini.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana na mbele ya goli palikuwa tope tupu, limechanganyika na chokaa iliyokuwa imepakwa upya. Tulifungwa manne kwa moja. Sitayaeleza yote manne. Inatosha kusema kwamba katika lile la tatu nilijirusha upande sahihi, nikaugusa mpira kwa vidole, kisha ncha ya tai ikachomoka chini ya jezi na kunipiga usoni, na nilipofumbua macho mpira ulikuwa umetulia nyuma yangu. Shule nzima ilikuwa pembeni mwa uwanja ikiimba. Waliimba nyimbo zote walizokuwa nazo, zilipokwisha wakaimba wimbo wa shule, wakafika ubeti wa tatu ambao hakuna kizazi kilichopata kuujua, wakaunguruma tu bila maneno mpaka kiitikio kilipowaokoa. Bao letu moja lilitokana na penalti, na aliyeipiga alikuwa yule aliyekuwa ameanzisha wimbo wetu ukumbini saa mbili kabla. Sauti yake ilikuwa imekauka hata akashindwa kushangilia.

Jambo ninalolikumbuka zaidi ni usemi wa watu baada ya mechi. Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Robert Cialdini, na wenzake walichapisha mwaka 1976 matokeo ya utafiti uliofanyika katika vyuo vikuu 7 vya Marekani, ambako walihesabu mavazi yenye jina au alama ya chuo siku za Jumatatu, wakaona kwamba yalivaliwa zaidi timu ya chuo iliposhinda Jumamosi iliyotangulia. Katika sehemu nyingine ya kazi hiyo waligundua kwamba wanafunzi walikuwa wepesi kusema "tumeshinda" habari zikiwa za ushindi, na kujiweka kando, wakiitaja timu kama watu wengine, habari zikiwa za kushindwa. Naamini matokeo hayo, kwa sababu mimi mwenyewe naishangilia timu moja ya mbali kwa namna hiyohiyo. Lakini siku ile sikumsikia mtu yeyote wa shule yetu akisema "wamefungwa". Haikuwa kwa sababu tulikuwa na moyo bora kuliko wanafunzi wa vyuo vile. Mwenye kutaka kusema "wamefungwa" angelazimika kumsema kaka yake, au aliyeketi naye dawati moja, au mpiga kengele, au yeye mwenyewe aliyepaka ile chokaa. Neno hilo halikuwa na pa kukaa. Ile tuliyoiita ari ya shule, na ambayo mkuu wetu aliisifu kila Ijumaa kana kwamba ni tunda la hotuba zake, nadhani kwa sehemu kubwa ilikuwa ni kukosa mahali pa kusimama kando.

Kukosa mahali pa kusimama kando kulikuwa na upande mwingine ambao sikupenda kuukumbuka, nao ndio hasa ulionikalisha sakafuni jana. Sisi viranja tulikuwa na daftari la majina ya wasioimba. Wakati wa mazoezi ya nyimbo za kushangilia tulipita kati ya mistari tukiangalia midomo, na ambaye mdomo wake haukufunguka aliandikwa, akafagia uwanja kwa siku tatu. Wiki ile ya mashindano nilimwandika mvulana mmoja wa kidato cha kwanza aliyesimama kimya, mikono mgongoni, akitazama chini. Alikuwa amemzika bibi yake siku mbili kabla. Nilijua. Katika mji ule hapakuwa na mtu asiyejua, na mwenzangu aliyesimama jirani nami alininong'oneza, "Mwache huyo," nami nikajibu kwamba sheria ni sheria, nikaandika jina lake kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilikuwa na umri wa miaka 15 na nilidhani kwamba kelele ndiyo mapenzi.

Refa alipopuliza filimbi ya mwisho nilibaki golini, sikutaka kutembea kuelekea kwa watu. Tai ilikuwa imelowa, na fundo lilikuwa limekaza kooni kiasi kwamba nilimeza mate kwa shida. Aliyekuja alikuwa yule mvulana, amebeba ndoo ya maji, kwani kazi ya ndoo ilikuwa yake na shule haikuwa na mtu mwingine wa kuibeba. Aliiweka chini, akanitazama shingoni, akaona.

"Inua kidevu, kaka," akasema.

Nikainua. Alishughulika na lile fundo kwa kucha zake kwa muda mrefu, akipumua karibu na sikio langu, wala hakuna kati yetu aliyezungumza. Lilipolegea aliivuta tai taratibu, akaikamua, akaikunja mara mbili, akanipa mkononi. Kisha akachukua ndoo yake, akaenda kwa mchezaji mwingine.