Masale ya yuro hamsini

Mchaga akiingia kwa mara ya kwanza kwenye duka la bustani hapa Leipzig, kuna rafu moja itamsimamisha acheke peke yake. Masale, mmea wa kwetu Kilimanjaro. Yamepangwa matatu matatu kwenye chungu kimoja, moja refu, moja la kati, moja fupi, na bei yake yuro hamsini na kitu. Tofauti na yetu mengi, ambayo ni kijani tupu, haya yana mstari wa njano katikati ya jani. Lakini ni yale yale.

Nilinunua. Habari zikafika Machame kabla sijapiga simu mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nasikia umenunua majani."

"Masale, shangazi."

"Kwa hela?"

"Kwa hela."

Akanyamaza kidogo, nikasikia anamwambia mtu wa pembeni kwa Kichaga, wakacheka wote wawili. "Si ungesema nikukatie. Yapo mpaka barabarani."

Kwa asiyetoka Kilimanjaro: masale kwetu ndiyo mpaka. Kihamba cha mtu, yaani shamba la ukoo kuzunguka nyumba, kinaishia pale mstari wa masale unapopita, na mwenye kung'oa isale la mpakani ametangaza ugomvi. Hupandwa pia makaburini, ndiyo maana wazee wengine wangeshangaa kuliona limekaa karibu na televisheni. Na ukimkosea mtu hadi maneno yakakwisha, unamtuma mtu na jani la isale lililofungwa fundo. Akishaletewa hilo, kukataa kusamehe ni kazi ngumu.

Wataalamu wa mimea wanaliita Dracaena fragrans. Kwao ni Afrika ya kitropiki, kutoka Sudan hadi Msumbiji na Angola, hadi Côte d'Ivoire upande wa magharibi, na porini linaweza kufika mita 15. Haya ya dukani, hata hivyo, hayakutoka kwetu. Mengi hulimwa Amerika ya Kati, Costa Rica hasa. Shina hukatwa kwa msumeno vipande vya urefu tofauti, kichwa cha juu hupakwa nta kisikauke, kisha magogo husafirishwa hadi Uholanzi, huko yanaoteshwa mizizi na kuuzwa Ulaya nzima. Nayaeleza haya kwa sababu moja. Ukijua kwamba kile chungu kina magogo matatu yasiyohusiana, yaliyochomekwa tu kwenye udongo mmoja, utashika kwa adabu siku ya kuyahamishia chungu kingine.

Na siku hiyo inafika. Mizizi inaanza kuchungulia kwenye matundu ya chini. Ukimwagilia, maji yanapita moja kwa moja hadi kwenye sahani na udongo unabaki mkavu. Mti mzima unaegemea upande mmoja kila ukifungua dirisha. Kwa kawaida hiyo ni baada ya miaka miwili au mitatu. Msimu mzuri huku ni kuanzia Machi hadi Mei, mwanga unaporudi na mti unapoamka. Novemba uache. Mti uliokatwa mizizi halafu ukaona jua saa chache tu kwa siku hauna nguvu ya kuotesha mingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nabishana nalo na karibu kila Mtanzania mwenye masale hapa: ukubwa wa chungu. Sisi tunanunua chungu kama sare ya darasa la kwanza, kubwa, mtoto atakulia humo humo. Isale halikulii humo. Linafia humo. Mizizi yake ikiwa kidogo katikati ya udongo mwingi, ule udongo wa pembeni hauna wa kuyanywa maji yake. Unakaa umelowa wiki nzima, hewa inakosekana, mizizi inaoza, na wewe ukiona majani yananing'inia unadhani mti una kiu, unaongeza maji. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita nne au tano za upana. Basi.

"Lakini kwetu mvua inanyesha miezi na masale hayafi!" Huo ndio ubishi ninaoupenda, kwa sababu jibu lake ni mlima wenyewe. Kihamba kiko kwenye mteremko. Udongo wake ni wa volkano, mwepesi, wenye vitundu, maji yanaingia na kuendelea na safari. Juu yake kuna migomba, kahawa na mgrevilea vinavyonyonya pamoja nalo. Chungu hakina mteremko, hakina mgomba. Kazi yote ambayo mlima unaifanya bure itabidi uifanye wewe kwa mchanganyiko wa udongo. Hicho kivuli cha migomba ndicho pia kinachoeleza kwa nini isale linavumilia sebule yenye giza kuliko mimea mingi. Halikuzoea jua la utosini.

Udongo ninaotumia: sehemu mbili za udongo wa maua wa kawaida usio na piti (mboji ya kinamasi), sehemu moja ya magome ya msonobari yaliyokatwa vipande vidogo, sehemu moja ya pumisi, yale mawe mepesi ya volkano. Lowesha, kamata ngumi moja, fungua mkono. Bonge likisambaratika ukiligusa kwa kidole, udongo uko sawa. Likibaki bonge, ongeza magome. Watu wengi huku wanatumia perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi, badala ya pumisi, inafanya kazi, ila mara nyingi ina chembe za floridi, na isale halipendi floridi kabisa. Ncha za majani zinaungua kahawia. Sisi watu wa kaskazini, wenye ndugu Arusha na Meru waliokunywa maji ya floridi tangu utotoni, tunajua inavyofanya meno. Epuka pia mbolea ya superfosfeti, nayo ina floridi. Ila usikimbilie kulaumu floridi kila uonapo ncha ya kahawia. Wakati wa baridi mara nyingi ni hewa kavu ya hita tu.

Na zile kokoto za chini ya chungu, ambazo wengi tulifundishwa ziweke "maji yatoke", achana nazo. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto. Yanasubiri juu yake hadi udongo ushibe kabisa, ndipo yadondoke. Kwa hiyo umepandisha tope likakaribia mizizi zaidi. Chungu chenye matundu na udongo unaopitisha maji vinatosha. Kama tundu ni kubwa, weka kipande cha wavu.

Kazi yenyewe fanyeni wawili. Mti wa mita moja na nusu, wenye udongo, ni mzito kwa namna ya ajabu, uzito wote uko chini na majani yote yako juu machoni mwako. Usiumwagilie siku chache kabla, udongo upungue uzito na uachane na kuta za chungu. Fungeni majani kwa kanga, legelege. Mimi hufanyia kwenye ua wa nyuma kama hali ya hewa inaruhusu, kwa sababu ngazi za jengo letu zina zamu ya kufagia na jirani wa chini ana macho. Jumapili hapana. Ujerumani Jumapili ni siku ya ukimya, na kugonga chungu cha plastiki kwa kiganja kuna mwangwi kuliko unavyofikiri.

Laza mti ubavuni juu ya shuka kuukuu. Viringisha chungu huku na huku, gonga, kisha vuta chungu, usivute mti. Ukivuta shina, gogo moja linaweza kutoka mkononi peke yake kama sindano, mawili yakabaki. Chungu kikigoma, kata plastiki kwa mkasi. Plastiki ni ya bei rahisi kuliko mizizi.

Mizizi ya isale ina rangi ya machungwa kwa njano. Mtu asiyeijua hushtuka akidhani ni ugonjwa. Huo ndio uzima wake. Ya kukata ni ile nyeusi, laini, inayochunika ukiivuta na yenye harufu ya dimbwi. Ile iliyojizungusha chini kama chapati, ifungue taratibu kwa vidole, na ukikata kidogo hapo haitakufa. Usioshe udongo wote wa zamani ukauacha mti uchi. Pukuta wa juu na wa pembeni uliolegea, wa katikati uache.

Weka udongo kidogo chini ya chungu kipya, simamisha mti, hakikisha magogo yanakaa kina kile kile yalichokuwa nacho. Usiyazike zaidi ili yasimame imara, gome lililozoea hewa likizikwa linaoza. Yakiyumba, chomeka fimbo ya mwanzi na uyafunge kwa miezi michache. Jaza pembeni, gonga chungu sakafuni udongo ushuke, usiushindilie kwa ngumi. Bakiza sentimita mbili au tatu juu kwa ajili ya maji. Mwagilia hadi yatoke chini, mwaga ya kwenye sahani, halafu uache hadi udongo wa juu ukauke kina cha vidole viwili. Mbolea isubiri kama wiki sita.

Jani moja mawili ya chini yatakuwa ya njano. Ni kawaida. Kinachonisumbua zaidi ni desturi ya hapa ya kufungua madirisha wazi dakika tano hata nje kukiwa na theluji. Kwa binadamu ni hewa safi, lakini chini ya nyuzi 13 hivi isale linaanza kuumia, kwa hiyo lisikae kwenye njia ya huo upepo. Na mwenye paka aliweke mbali. Majani yake ni sumu kwa paka na mbwa, wanatapika.

Mti ukigusa dari, huna haja ya chungu kingine. Kata. Hapo ndipo shangazi yuko sahihi kuliko duka: kwetu unakata kwa panga, unachomeka mpakani, unaondoka. Huku ongeza uangalifu kidogo tu. Acha kidonda cha kipande kikauke siku moja, kichomeke kwenye udongo mkavumkavu, chumba kiwe na nyuzi 20 na zaidi, na uweke alama upande wa juu ni upi kabla ya kukata vipandevipande, kwa sababu kilichopandwa kichwa chini hakitachipua. Gogo lililobaki litatoa machipukizi mawili au zaidi chini kidogo ya pale ulipokata, na mti utakuwa umejaa kuliko mwanzo.

Nimekata la kwangu Aprili hii. Vipande bado vipo. Anayetaka aje na chungu chake mwenyewe, na kiwe kidogo.