Kutunga Wimbo kwa Pumzi ya Mwimbaji

Katika kazi yangu ya kutunga nyimbo za michezo ya kuigiza hapa Dodoma, mtunzi ninayemrejea mara kwa mara ni Stephen Sondheim wa Marekani, aliyezaliwa New York mwaka 1930 na kufariki mwaka 2021. Alifunzwa kazi hii tangu ujanani na Oscar Hammerstein II, mwandishi mashuhuri wa maneno ya nyimbo za jukwaani, na mwaka 1957 maneno ya Sondheim yalikuwa tayari yakiimbwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, katika mchezo wa nyimbo West Side Story.

Lililonifunza zaidi ni la mwaka 1973, wakati wa mazoezi ya mchezo wake wa nyimbo, A Little Night Music. Onyesho moja lilikuwa limepangiwa wimbo wa mwanamume, hadi mwongozaji, Harold Prince, alipoona kwamba uzito wake uko kwa mwanamke, aliyeigizwa na Glynis Johns. Sauti ya Johns ilikuwa tamu, ila haikuweza kushikilia noti ndefu. Sondheim akamtungia vifungu vifupi, vingi vikiwa maswali, vyenye maneno yanayokatika upesi mdomoni. Ndivyo ulivyozaliwa "Send in the Clowns", wimbo wake unaojulikana kuliko yote, na mimi huusikia ufupi ule wa pumzi kama uchungu wenyewe wa mhusika.

Kwa Kiswahili njia hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu karibu kila neno letu huishia kwa irabu, na irabu humshawishi mwimbaji aivute. Katika mchezo tunaouandaa sasa, mjane mkulima wa zabibu anaona shamba lake likiuzwa na shemeji zake. Mstari wangu wa kwanza ulisema: "Mizabibu niliyoipanda kwa mikono yangu leo inavunwa na wengine." Dada anayeigiza, aliyekulia kwenye muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na mwenye mapigo imara lakini pumzi fupi, aliishiwa hewa kabla ya kufika "leo". Tukaukata: "Nani alipanda? Nani alimwagilia? Nani anavuna?" Kila swali hufuatwa na kimya cha mapigo mawili kinachojazwa na ngoma peke yake, na pigo zito huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, pale ambapo Kiswahili chenyewe huweka mkazo.

Kiitikio bado hakijaniridhisha, kwa kuwa kinarudia yale ambayo watazamaji wamekwisha kuyajua, ilhali wimbo wa jukwaani sharti umsogeze mhusika. Kufikia ubeti wa mwisho mama huyu anapaswa kuwa ameamua kwenda baraza la kata, na maneno ya uamuzi huo, yanayotosha pumzi yake, ndiyo ninayoyatafuta wiki hii.