Gift: zawadi, sumu na ndoa

Ukifundisha Kijerumani hapa Kisumu, utafika tu kwenye neno Gift, na darasa litasimama. Wanafunzi wangu wengi ni wauguzi wanaotaka kwenda Ujerumani, hasa tangu nchi zetu mbili zitie saini makubaliano ya ajira mjini Berlin, Septemba 2024. Muhula huu ninaye mmoja kutoka Ahero ambaye hilo ndilo jina lake la ubatizo. Wazazi walimwita hivyo kwa Kiingereza: zawadi. Mimi nikaandika ubaoni: das Gift, sumu.

Akautazama ubao. "Mwalimu, ndivyo wagonjwa watakavyosoma kwenye beji yangu?"

Nikaweka kitabu kando, maana swali lile lilistahili kipindi kizima. Asili ni kitenzi cha kutoa, geben kwa Kijerumani, give kwa Kiingereza. Gift ni kinachotolewa, basi. Wajerumani wa zamani nao waliita zawadi hivyo hivyo. Lakini matabibu walikuwa na neno la Kigiriki, dosis, yaani utoaji, kwa kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Hilo ndilo dozi yetu ya kila siku wodini. Gift ya Kijerumani ikabebeshwa maana hiyo, na kwa kuwa sumu haitajwi waziwazi, neno la upole likaishia kuwa jina lake.

Nikawauliza: huku kwetu mtu akifa ghafla, matangani watu hunong'ona nini? Wakajibu kwa pamoja, "Alipewa kitu." Hakuna aliyetamka sumu. Na dukani tunaagiza dawa ya panya, wala hakuna panya anayetibiwa.

Upande wa ndoa ndio ninaoupenda zaidi. Katika Kiingereza cha kale, gift ilikuwa mali anayotoa mwanamume ili apewe mke, na kwa wingi ilimaanisha arusi yenyewe. Ni mahari kabisa, ya kueleweka na mzee yeyote wa Nyakach. Maana ya zawadi, pamoja na ile g nzito, Waingereza waliipata kwa Waskandinavia waliohamia kwao. Wajerumani nao wana Mitgift, mali ambayo bibi arusi huja nayo kutoka kwa wazazi wake. Hapo darasa likachemka! Kijana mmoja ambaye bado anadaiwa ng'ombe na wakwe zake aliniomba nirudie maelezo, na nikamwambia ukweli kwamba desturi hiyo imefifia, neno ndilo limebaki.

Kiswidi, Kidenmaki na Kinorwe vimeweka yote mawili: gift ni sumu, na gift ni mtu aliyeoa au kuolewa. Waholanzi wametenganisha, gift ni mchango, gif ni sumu.

Kuhusu jina, nilimwambia dada yetu asiliguse. Jina la mtu halitafsiriwi, na Wajerumani wengi wanajua Kiingereza cha kutosha kulielewa. Cha kushika ni maneno ya kazi: giftig, chenye sumu, Vergiftung, kudhurika kwa sumu, Giftnotruf, simu ya dharura ya sumu. Sasa tunafanya mazoezi ya kuipiga simu hiyo, wawili wawili, kwa Kijerumani: mgonjwa ana umri gani, uzito gani, amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi.