Siku Moja Maishani Mwangu: Punje Kumi za Mahindi

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla Kondele haijachangamka, nilikuwa nikipitia maandishi yangu. Kazi yangu hapa Kisumu ni kueleza matokeo ya utafiti wa malaria, na siku hiyo nilishughulishwa na takwimu moja tu: katika majaribio ya chanjo ya RTS,S, dozi nne zilizuia asilimia 39 ya visa vya malaria kwa miaka minne, miongoni mwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17.

Saa tatu nilikuwa kliniki. Mwezi uliotangulia niliwatajia kina mama asilimia hiyo kavukavu, na mmoja akaniuliza kwa upole, "Daktari, hizo sitini na moja mnamwachia nani?" Swali hilo lilinikaa moyoni. Safari hii nilipanga punje kumi za mahindi juu ya benchi, nikaeleza kwamba kila punje ni homa moja ya malaria ambayo ingempata mtoto, kisha nikaondoa nne. Nyanya aliyempakata mjukuu alizifunika kwa kiganja zile sita zilizobaki, akasema, "Hizi ni za chandarua." Nilisisitiza kwamba punje si mtoto, kwa sababu huku kandokando ya Ziwa Viktoria mtoto huweza kuugua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mzazi anayedhani kwamba chanjo ama humkinga mtoto kabisa ama haimkingi hata kidogo atavunjika moyo homa ya kwanza itakapokuja, na huenda asirudi kwa dozi ya nne.

Saa sita, wanafunzi wa sekondari walitaka kujua njia anayopita mdudu anayesababisha malaria, kutoka mate ya mbu hadi ini, kisha damu.

Saa nane nilikutana na maafisa wa afya. Kwao niliandaa ukurasa mmoja wenye jedwali, maana walichohitaji ni kujua watoto wanakatizia dozi wapi na nani atawafuatilia.

Saa kumi na moja, redioni, msikilizaji aliuliza kama watoto wetu ndio waliojaribiwa. Alistahili jibu kamili, si kutulizwa: majaribio yalifanyika katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwamo, kwa ridhaa ya wazazi, na chanjo ikaanza kutolewa kwa awamu Homa Bay mnamo Septemba 2019. Kwa kuwa punje hazionekani redioni, nilimwomba kila msikilizaji achote kumi za kwake, nikanyamaza kidogo ili wazihesabu.