Hambaka za gitaa la solo

Nimeamua: hambaka kali sinunui. Pikapu ni kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, chenye sumaku na waya uliozungushwa, yaani koili; hambaka ni pikapu ya koili mbili, na kali ni zile zinazotoa sauti kubwa na nene.

Najua wenzangu wa bendi watanisema mpaka wachoke. Mpiga besi wetu tangu juzi haniachi: "Kaka, kama unatoa hela, toa kwa kitu cha maana. Chukua zenye sumaku ya seramiki, ukumbi utikisike." Anayepiga roki na distoshani, ile sauti ya kukwaruza, muda wote zinamfaa. Sisi tunapiga dansi kwenye harusi za Mtwara, na kwenye dansi kazi ya solo ni kujibizana na gitaa la ridhimu. Sikiliza bendi za Msondo au Sikinde: magitaa yanapishana na hakuna linalofunika lingine. Sauti ikiwa nene mno, nafasi hiyo ya kupishana inakwisha.

Hambaka zenyewe sina ugomvi nazo. Kumbi zetu zimejaa taa za tyubu, na umeme ukikatika linawashwa jenereta. Gitaa lenye pikapu ya koili moja humo linavuma kabla hujapiga noti. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde na koili inaunasa. Seth Lover wa Gibson, aliyeomba hataza mwaka 1955 na kuipata 1959, aliweka koili mbili: ya pili waya wake unakwenda kinyume, na sumaku yake imegeuzwa. Mvumo ukiingia kwenye koili zote mbili unafutana. Sauti ya uzi imegeuzwa mara mbili, kwa hiyo inajumlika. Kila nikilifikiria hili nafurahi peke yangu.

Tatizo ni hizi kali zilizokuja na gitaa. Kwanza nilizishusha kwa bisibisi, maana pikapu ikiwa mbali kidogo na nyuzi sauti inatulia, na hilo halina gharama. Ilisaidia, ila noti za juu bado zilikuwa zimeziba.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja, fundi redio wa Chikongola. Skrubu zilikuwa na kutu, hewa ya bahari haina msamaha, akazilainisha kwa mafuta ya taa huku akinung'unika. Akaweka mita kwenye pikapu ya daraja, ile iliyo karibu na mwisho wa nyuzi: kiloomu 15 na ushee. Hicho ni kipimo cha ukinzani; waya ukiwa mwingi, kinapanda.

"Mwanangu, waya wote huu wa nini?"

"Ili ipige kwa nguvu, mzee."

"Nguvu si unayo kwenye amplifaya? Koili ikijaa waya namna hii, sauti nyembamba zinafia humo humo."

Na hajawahi kupiga gitaa maishani mwake.

Basi nimeagiza za mtindo wa zamani, kiloomu 7 na nusu hivi shingoni, 8 na kitu kwenye daraja. Ya daraja inaongezwa waya kidogo kwa sababu pale uzi hautikisiki sana, na bila hivyo ukibadili swichi ya kuchagua pikapu katikati ya wimbo sauti inaanguka. Sumaku nataka za alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti: alniko 5 darajani, iume kidogo, na alniko 2 shingoni, ambayo ni laini zaidi. Kuna wanaobishana usiku kucha kuhusu sumaku. Mimi naona wingi wa waya na umbali wa pikapu na nyuzi vinabadili mengi zaidi. Nimesisitiza ziwe na nyaya nne za kuunganishia, ili nikitaka niweze kuzima koili moja nipate sauti nyembamba. Najua mvumo utarudi hapo, lakini kwa kibwagizo kimoja utavumilika.

Potensha, yaani vifundo vya kurekebisha sauti, za kiloomu 500 zimo tayari, hazibadilishwi. Nafasi kati ya nyuzi pale darajani nimeipima kwa rula, milimita 52, kwa hiyo ya darajani lazima iwe ile pana; ya milimita 49 ingeacha nyuzi za pembeni nje ya nguzo zake, vile vichwa vya chuma vinavyokaa chini ya kila uzi.

Dada yangu wa Dar ameshalipia, zitakuja na basi. Nataka zifungwe kabla hela za korosho hazijaanza kutoka, maana hapo harusi zinafuatana na mzee hatapata siku ya kunilehemia. Mpiga besi ameomba hizi kali zinazotolewa. Nimemkubalia, azipeleke kwa watoto wa roki, na anilipe.